Filamu ya Pool Hainogi: Itafute Hitilafu kwa Dalili Zake

Mwonyeshe mchezaji wa pool wa Manzese au Temeke filamu yoyote inayohusu mchezo wake, kisha kaa kimya umsikilize. Malalamiko yatakayomtoka utakuwa umeshayasikia kwa mwingine. Hapa nimeyapanga kwa jinsi yanavyojirudia, na chini ya kila lalamiko nimeweka sababu zake, nikianza na ile inayotokea zaidi. Mwongozo huu ni wa waongozaji, waandishi wa skripti na wahariri wa hapa Dar wanaoikodolea macho meza ya pool na kuona filamu ya bei nafuu: lokesheni ipo tayari, na wahusika wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu zao. Nafuu ni kweli ipo. Ila meza hiyohiyo imeharibu filamu nyingi, za kwetu na za watu wenye bajeti kubwa.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza, maana litapita karibu kila dalili. Mchezaji anayejua haangalii mpira unaoingia shimoni. Huo ameshaumaliza kichwani. Macho yake yako kwa mweupe, ule unaogongwa na fimbo ili ugonge mingine: utasimama wapi, na kutoka hapo atapiga nini. Filamu nyingi zinaufuata mpira wa rangi mpaka unadumbukia, watu wanashangilia, kamera inakata. Mchezo wenyewe umebaki upande wa pili wa meza na hakuna aliyeuona.

Dalili ya kwanza: "Huyo hajawahi kushika fimbo"

Hii husikika ndani ya dakika moja ya kwanza ya mchezo. Kwenye kibanda umiza watu wanamsamehe steringi anayefyatua risasi arobaini bila kubadili magazini, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kuishika bunduki ile. Fimbo ya pool wameishika jana jioni. Hapo umeingia kwenye nyumba ya wenyewe.

Sababu ya kwanza ni mkono wa mbele, ule unaolala mezani. Kwa mtu asiyecheza, mkono huo umelegea na unatikisika, na fimbo inateleza juu yake bila njia. Mchezaji anaubana mkono kwenye kitambaa, vidole vimetanuka, na fimbo inapita kwenye mfereji uleule kila inapokwenda na kurudi.

Ya pili ni kuinuka. Mwigizaji anapiga na kunyanyuka papo hapo ili aone kilichotokea. Mchezaji anabaki ameinama mpaka mweupe umeshaondoka, wakati mwingine mpaka mpira umeshaingia. Kosa hili linaonekana hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Ya tatu ni macho: yanatazama shimo tu, au, vibaya zaidi, yanatazama lenzi. Ya mwisho ni chaki. Ncha ya fimbo ni ngozi, na chaki ndiyo inayoifanya ing'ang'anie mpira badala ya kuteleza. Filamu ambayo hakuna anayepaka chaki, halafu mweupe unarudi nyuma mita nzima, inachekesha. Na yule anayeisokota chaki kwenye ncha kwa nguvu kana kwamba anatoboa ukuta naye anachekesha. Inapakwa kwa kupangusa.

Kagua kwa urahisi kwanza. Weka simu kwa upande, usawa wa kiuno, mrekodi mwigizaji akipiga mara kumi bila mipira. Zima sauti, mpe simu kijana yeyote aliye karibu na meza na umuulize swali moja: huyu anacheza? Jibu halichukui sekunde tano.

Ikiwa jibu ni hapana, una njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchagua mwigizaji kwa mkono wake. Katika The Hustler ya mwaka 1961, Jackie Gleason aliyecheza kama Minnesota Fats alikuwa mchezaji mzuri tangu kabla ya filamu, na ndiyo maana akiinama mezani unamwamini hata kabla hajapiga. Njia ya pili ni kumwazima mikono. Filamu hiyohiyo ilikuwa na Willie Mosconi, bingwa wa dunia mara 15, kama mshauri wa ufundi, na mapigo magumu mengi ni yake. Miaka 25 baadaye, kwenye The Color of Money, Tom Cruise alijifunza mpaka akapiga karibu mapigo yake yote mwenyewe. Pigo moja la kuurusha mweupe juu ya mipira miwili akaachiwa mshauri wao, Mike Sigel, naye bingwa. Ndio uwiano wa kuiga: mwigizaji ajifunze yale ya kawaida mpaka yakae mwilini, na lile moja la ajabu umwachie mwenye kazi yake. Hapa Dar wapo wachezaji waliopita kwenye mashindano ya taifa yale ya Safari Pool. Tafuta mmoja, mlipe, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu. Angalia tu kucha, saa, bangili na mkono wa shati visitofautiane. Hapo ndipo wengi hunaswa.

*Simama hapa:* Kama baada ya wiki mbili za mazoezi mwigizaji bado ananyanyua kichwa, usiendelee kununua muda. Ita mtu wa kumwazima mikono. Na usimruhusu asiyejua ajaribu kuurusha mpira au kuupiga fimbo ikiwa wima kwenye meza ya kukodi. Kitambaa kinachanika kwa pigo moja, na mwenye meza atakudai kitambaa pamoja na mapato ya siku zote itakazosimama.

Dalili ya pili: "Mipira inaingia tu, wala sijali"

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, maana dalili hii ndiyo inayoua filamu nyingi kuliko zote, na mara nyingi hugunduliwa baada ya fedha kuisha.

Sababu inayotokea zaidi nimeshaigusa: kamera inaufuata mpira usio wenyewe. Tuseme mchezaji amebakiwa na mpira mmoja wake na mweusi, ule wa kumalizia mchezo. Mpira wake uko sentimita chache kutoka shimoni. Hata mtoto angeuingiza. Kwa kamera ya kawaida hili ni pigo jepesi lisilo na habari. Kwa mchezaji, hapa ndipo mchezo ulipo. Akiupiga mweupe katikati bila kuuzungusha, utaachana na mpira uliogongwa kwa pembe inayokaribia nyuzi 90 na kukimbilia upande. Akiupiga juu, utaendelea mbele. Akiupiga chini, utarudi kwake. Kati ya njia hizo tatu huenda moja tu inamweka sawa na mweusi, na nyingine zinamfukia nyuma ya mipira ya mpinzani. Uso wake una hofu na watazamaji wote wanashangaa anaogopa nini, kwa sababu filamu haikuwaonyesha mweusi uko wapi.

Jaribio ni hili. Chukua mchezo wowote ulioushuti, simamisha picha sekunde moja kabla ya kila pigo, na umuulize mtu asiyejua pool: baada ya huu, atapiga upi? Kama hawezi hata kubahatisha, pigo hilo halina wasiwasi ndani yake. Wasiwasi unatokana na mtu kuona kinachotakiwa kabla hakijatokea.

Tiba yake haina gharama. Fungua mchezo kwa picha moja pana inayoonyesha meza nzima kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu mipira. Kabla ya pigo kubwa, onyesha macho ya mchezaji yakienda kwenye sehemu tupu ya kitambaa, pale anapotaka mweupe usimame. Kisha piga, na kamera ibaki na mweupe. Mpira wa rangi uingie nje ya picha. Sauti yake itatosha. Halafu mweupe upunguze mwendo, upunguze, uvuke kidogo pale alipopataka. Hapo benchi zima la kibanda umiza litaguna lenyewe.

Sababu ya pili ni kukatakata. Fimbo inagonga, kata. Mpira unaingia, kata. Watu wanapiga makofi. Kila mtazamaji anajua kwamba vipande hivyo viwili vingeweza kushutiwa siku mbili tofauti, na kwamba mpira ulisukumwa kwa mkono. Mpe angalau pigo moja katika kila mchezo ambalo fimbo, mweupe, mpira na shimo viko ndani ya picha moja isiyokatwa. Ukishamwaminisha mara moja, mengine atakukopesha. Ukiyakata yote, hata lile ambalo mwigizaji alilipiga kweli litaonekana uongo.

Sababu ya tatu: hakuna anayekosa. Waandishi wetu wanadhani ubingwa ni kuingiza mipira yote mfululizo. Huyo Mosconi, mwaka 1954 kule Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 bila kukosa hata mmoja. Ni maajabu ya kweli, na ukiyashuti yote mtazamaji wako atakuwa amelala kabla ya wa thelathini. Ukamilifu haushutiki. Kinachoshutika ni mtu aliyekuwa anakwenda vizuri halafu mweupe ukapitiliza sentimita tano, sasa inabidi achague kati ya pigo la kichaa na kujilinda.

Na hiyo kujilinda ndiyo sababu ya nne, ambayo karibu filamu zote zinaisahau. Nusu ya mchezo wa wakubwa ni kumfichia mwenzako: humpi kitu cha kupiga, unauweka mweupe nyuma ya ukuta wa mipira yako na kwenda kukaa. Kwenye skripti hilo linaonekana kama kutofanya chochote. Kwenye picha ni ugomvi mtupu. Mtu amekaa, amekunja nne, anakunywa soda yake polepole, na mwenzake anaizunguka meza mara tatu bila njia. Dakika nzima inaweza kupita bila mpira kuingia na hakuna atakayetoa simu mfukoni.

*Simama hapa:* Ukitaka kamera ya juu, ile inayotazama meza kama ramani, usiifunge mwenyewe kwenye kenchi kwa kamba na gundi. Iko juu ya vichwa vya watu. Ita mtu anayejua kufunga vifaa, na ifungwe minyororo miwili. Wakati wa pigo la kufungua mchezo, ondoa mtu na lenzi upande ule ambao mipira inaelekea: mpira unaweza kuruka nje ya meza, na haujali bei ya lenzi.

Dalili ya tatu: "Nani anaongoza?"

Mara nyingi mwandishi hakuwahi kuamua wanacheza mchezo gani. Pool ni jina la michezo mingi. Ule wa mtaani kwetu ni wa mipira 15: saba ya huyu, saba ya yule, na mweusi wa mwisho. Kuna ule wa mipira tisa, ambapo lazima uguse kwanza wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki, na wa tisa ukiingia kihalali, hata kwa kugongwa na mwingine, mchezo umekwisha. Na kuna ule wa zamani wa Wamarekani ambao kila mpira ni pointi moja na mnakwenda mpaka 125 au 150.

Chagua kwa kuangalia hadithi. The Hustler ilitumia ule wa pointi kwa sababu ni hadithi ya kuchoshana usiku kucha, ni nani ataanguka kwanza. The Color of Money ikahamia mipira tisa, mchezo wa haraka ambao bahati inaweza kuukata katikati. Ukiwa Dar usihangaike kuiga. Mweusi wetu ni zawadi kwa mwandishi: mpira mmoja ambao ukiuingiza mapema umepoteza kila kitu, hata kama ulibakiwa na mmoja tu wako na mwenzako bado ana saba. Hakuna mtazamaji wa Mbagala atakayehitaji kuelezwa.

Sababu ndogo: mpira hauonyeshwi ni wa nani. Kagua kwa kumwambia mwigizaji wa benchi aseme sentensi moja tu, "Amebakiwa na miwili", mara mbili katika mchezo mzima. Inatosha. Wale jamaa wanaoingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje wameokoa filamu nyingi kwa sentensi kama hiyo, ila ya kwako ni ya Kiswahili tayari, hawatakuja kukusaidia.

Dalili ya nne: "Mwisho niliujua tangu mwanzo"

Kijana maskini ana kipaji. Anajifanya hajui, anakula hela za watu. Anakutana na mkubwa, anapigwa, analia, anafanya mazoezi huku muziki unapigwa, anarudi, anashinda. Mpaka hapo hata jina la filamu halina haja.

Sababu ya kwanza ni kudhani mpinzani wa mezani ndiye adui. Iangalie tena The Hustler, kama una subira ya picha zisizo na rangi. Fats si mtu mbaya. Anacheza, anaosha mikono, anavaa koti lake, anaendelea kucheza. Anayemmaliza Eddie, kijana anayeshindana naye, aliyechezwa na Paul Newman, ni Eddie mwenyewe, pombe na majigambo yake, na baadaye yule mdhamini anayemmiliki. Eddie anashinda mwishoni, lakini mwanamke aliyempenda amekufa, na anaondoka akijua hatakanyaga tena kumbi kubwa za mchezo wake. Ushindi upo na hauna ladha. Katika The Color of Money, Eddie, sasa mzee, anamshinda kijana wake kwenye mashindano, kisha anagundua kijana aliachia makusudi ili avune hela za kubeti. Filamu inaishia pale mchezo wao wa kweli unapoanza. Nani alishinda, hatuambiwi. Paul Newman alipata Oscar kwa uigizaji huo.

Kagua skripti yako kwa swali hili: mshindi wako akishinda, anapoteza nini siku hiyohiyo? Kama jibu ni "hakuna", mtazamaji hana sababu ya kusubiri.

Sababu ya pili ni kuleta mazingira ya watu wengine. Kumbi za chini ya ardhi zenye moshi wa sigara, wanaume wenye kofia na noti za dola. Meza zetu ziko nje, chini ya turubai au bati, saa tisa mchana, bodaboda zimeegeshwa pembeni na mama lishe anakaanga chipsi hatua nne kutoka hapo. Hakuna siri. Kila mtu mtaani anajua nani anajua kucheza, kwa hiyo ile hila ya kujifanya mshamba haiwezi kufanyika Tandika kwa mtu wa Tandika. Mchezaji wako itabidi apande daladala aende Gongo la Mboto asikojulikana, na hapo ndipo filamu inapoanza kuwa ya Dar: nauli, jua, na swali la nani atamtambua njiani.

Sababu ya tatu ni kumfanya mchezaji awe na maisha ya mezani tu. Viongozi wetu wamewahi kukemea hadharani vijana kucheza pool asubuhi, saa za kazi. Hiyo peke yake ni nusu ya skripti. Kijana anarudi nyumbani na hela ya unga. Mama anaipokea, anaigeuza mkononi, anauliza imetoka wapi. Akisema ukweli, yeye ni mhuni. Akidanganya, atadanganya kila siku anayoshinda. Sijaona filamu yetu iliyokaa kwenye hilo swali hata kwa dakika tatu. Au mfuate mwenye meza, anayezunguka Jumapili na mfuko wa turubai akikusanya sarafu kwenye meza zake tano. Au dada anayejua kuliko wote na hapewi fimbo. Meza ni hiyohiyo, ila mtu wa kuangaliwa amebadilika.

*Simama hapa:* Usishuti dau la kweli ili "pawe na hisia". Kuendesha kamari kunahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ukishawaachia watu wa kijiwe waweke hela halisi, ugomvi utakaotokea hautakuwa wa kuigiza. Tumia karatasi, na hakikisha kibali cha Bodi ya Filamu kiko mfukoni, si "kinashughulikiwa". Ukiona waigizaji wa ziada wanahesabiana hela pembeni, funga kamera siku hiyo.

Dalili ya tano: "Mpira ulikuwa pale, umehamaje?"

Kwenye filamu nyingine mtu haoni kikombe kilichohama. Hapa mezani kuna mipira 16 ya rangi tofauti, na watazamaji wanaihesabu. Sababu kubwa: hakuna aliyepiga picha ya meza kabla ya kila shoti. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu, simu mkononi, amesimama mahali palepale kila mara. Kwa pigo litakalorudiwa, weka chini ya kila mpira kipete kidogo cha karatasi, kile cha kuimarisha matundu ya karatasi za faili. Wachezaji wanakitumia kwenye mazoezi, hakionekani kwa mbali na mpira unarudi palepale.

Sababu ya pili ni kuchanganya meza mbili. Mipira ya meza za Kimarekani ina kipenyo cha milimita 57, ile midogo ya Kiingereza ni 51, na kwenye seti nyingi za Kiingereza mweupe ni mdogo kuliko mingine ili mashine ya sarafu iutambue na kuurudisha ukiingia shimoni. Ukishuti nusu Sinza na nusu Kigamboni bila kupima, kwenye kioo kikubwa itaonekana.

Ikiwa umeshashuti na kosa limo, mhariri ana dawa moja: uso. Kata uende kwa mtu wa benchi, ukirudi meza imeshabadilika na akili ya mtazamaji imejaza pengo. Dawa hii ina kiwango chake. Mara tatu kwa mchezo mmoja, kisha watu wanaanza kushtuka.

*Simama hapa:* Usiisogeze meza ili upate engo. Chini ya kitambaa kuna bamba la jiwe, na meza nzima ina uzito wa mamia ya kilo. Itaumiza migongo, na hata isipovunjika itakaa upande, mipira itaanza kujiendea kona moja. Mwite fundi wa meza na pimamaji yake. Sogeza kamera.

Dalili ya sita: mistari inatembea kwenye picha, na kamera inaonekana ndani ya mpira

Mistari ni taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hiyo taa hizo hufifia na kuwaka mara 100 kila sekunde. Toa kamera kwenye otomatiki: picha 25 kwa sekunde, shata 1/50 au 1/100, mistari itaondoka. Kama bado ipo, tatizo ni jenereta isiyotulia, au taa ya bei rahisi, ibadilishe.

Kila mpira ni kioo cha mviringo. Utamwonyesha mwongozaji, mshika taa na kijana aliyevaa fulana nyekundu. Vaeni nguo nyeusi, na taa ziwe juu ya meza badala ya pembeni. Mweupe nao huungua haraka kwenye picha. Pima mwanga kwa huo kwanza, kitambaa kitajitafuta.

Taa ya kuning'inia juu ya meza ikihitajika, ita fundi umeme. Kuunga nyaya kwenye soketi ya baa yenye friji mbili si kazi ya msaidizi wa kamera.

Dalili ya saba: sauti haina uzito

Ulirekodi muziki wa baa na bodaboda, mipira ikazama humo. Rudi asubuhi na mapema peke yako na kinasa sauti: sarafu ikiingia, mipira ikiporomoka ndani ya tumbo la meza, mgongano mmoja mkavu, mpira ukizunguka mdomo wa shimo na kugoma. Muziki uweke baadaye. Ule mlio wa mipira kushuka baada ya sarafu kila mtu wa Dar anaujua, na hakuna filamu ya nje itakayokupa.

Dalili ya nane: "Kila kitu kiko sawa, ila nimelala"

Mikono ni mizuri, kamera iko na mweupe, sheria zinaeleweka, na bado mtu anapiga miayo. Karibu kila mara sababu ni michezo mingi mno. Mwandishi anayependa pool anataka kuonyesha kila kitu anachokijua, na mimi namwelewa.

Andika kila mchezo uliomo kwenye filamu kwenye mstari wake. Mbele yake andika nini kilibadilika kwa mtu, si kwenye matokeo: amemwogopa nani, amemdanganya nani, amejua nini ambacho jana hakukijua. Mstari unaobaki mtupu, mchezo wake unaondoka, au unabaki sekunde tano za mtu akitoka nje akihesabu noti. Skripti yenye michezo tisa ikibaki na minne, usishtuke. Ukibaki na mmoja tu, huenda umepata filamu fupi, ishuti hivyohivyo.

Ukishindwa kuchagua mwenyewe, usikae na mafaili mwezi mzima ukihamisha vipande huku na huku. Mpelekee mhariri ambaye hakuwepo lokesheni na hachezi pool. Usimwambie nani anashinda, usimwambie pigo lipi lilichukua saa sita kulipata. Mwachie wiki moja, na simu yako ibaki mfukoni.